Saini za Siku Moja

12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi ulichoondoka nacho kwetu kilishuka njiani na hakikufika nawe mjini. Sisi tupo. Goti la Mama limepungua kuvimba, ila bado anashuka ngazi kinyumenyume, na ukimcheka anakuambia usubiri zamu yako. Mimi nimepanda darasa. Mwalimu wa lugha amenipa uangalizi wa maktaba, yaani kabati moja lenye kufuli mbili.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Mama, na unajua Mama husoma ujumbe wa kila mtu kwa sauti. Ukijibu, tafadhali tumia anwani ya shule.

Nina swali kuhusu kazi yako. Ulipokuwa hapa ulisema Baraza lenu ndilo linalotoa ithibati, kwamba hospitali haiwezi kupewa madaktari wanagenzi, wale walio katika mwaka wa mazoezi, mpaka mmeikagua na kuona ina walimu wa kuwafundisha. Naomba kujua: mkishatoa ithibati, nani anarudi kutazama kama walimu wenyewe wapo?

Nauliza kwa ajili ya Kaka. Ana miezi mitano sasa ya uanagenzi pale hospitalini. Mwezi uliopita nilimkuta amelala nyuma ya mlango wa mbele, viatu miguuni, mkate mkononi. Mama ilibidi aingie kwa mlango wa jikoni. Tulicheka, hata yeye alicheka. Lakini tangu wiki iliyopita hacheki, na mezani hakai nasi. Nikimwuliza kazi ikoje ananijibu, "Kazi ni kazi, mdogo wangu."

Simshtaki mtu. Nataka tu kuelewa.

Bintiyo


30 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, kimebaki kusimuliwa. Mwambie wifi yangu aache kulitukana goti, alipeleke kwa daktari. Nimefurahi kuhusu kabati. Waliokabidhiwa maktaba kubwa wengi hawajui hata funguo ziko wapi.

Swali lako ni zuri, nitakujibu kama ninavyowajibu wakubwa. Kila baada ya miaka miwili Baraza hutuma watu watatu. Huangalia ratiba ya zamu, idadi ya madaktari bingwa, chumba cha kupumzikia wanagenzi. Huongea na wanagenzi mlango ukiwa umefungwa, mabosi wao wakiwa nje. Halafu huchukua vitabu vyao vya mafunzo. Katika kitabu hicho mwanagenzi huandika kila kazi aliyoifanya kwa mgonjwa, na pembeni bingwa aliyemsimamia hutia saini. Vitabu vitano huletwa ofisini, mimi huvisoma. Mwisho kamati hukaa na kuamua.

Uchovu ni sehemu ya mwaka wa uanagenzi. Sisi pia tulichoka. Mimi niliwahi kumpima mapigo mgonjwa wangu nikasinzia na mkono wake, akaniamsha yeye.

Jambo moja nakuomba: usiniandikie habari za hospitali ya kaka yako. Siruhusiwi kuwa na sikio huko. Kama ana tatizo, amwambie msimamizi wake.

Soma. Kula. Msalimie Mama.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Barua yako ilikaa siku nane kwenye ofisi ya mwalimu mkuu kwa sababu alidhani ni ya kwake, akaifungua, akakuta goti la Mama. Aliomba radhi. Mama amekwenda kwa daktari wa goti na amepewa dawa mbili, moja ya maumivu na moja ya kumfanya alale.

Najua umenikataza. Naandika hili moja tu.

Ulisema Kaka amwambie msimamizi wake. Msimamizi wake ni Daktari Bingwa mmoja ambaye wanagenzi wote wanamwita Alhamisi. Wamempa jina hilo kwa sababu huja Alhamisi. Huzunguka wodi nzima kabla chai yake haijapoa, kisha huondoka kwenda kwenye kliniki yake mwenyewe, mji wa pili. Siku nyingine sita husimamia kwa simu, na simu haipokelewi.

Mwezi wa kumi na mbili Kaka alifanya upasuaji wa uzazi akiwa peke yake. Alikuwa ameuona mara mbili tu. Mkunga mzee alisimama upande wa pili wa kitanda akamwongoza kwa maneno. Kaka alitusimulia kwa kumwigiza: "Kata hapo, baba. Hapo. Mbona unaniangalia mimi? Mimi ndiye ninayezaa?" Mama alicheka mpaka akashika goti. Mtoto alitoka salama, na mama yake pia. Lakini Kaka alipomaliza kusimulia aliacha chai yake mezani akaenda kulala.

Huo ulikuwa wakati bado anasimulia.

Kuna kazi ndogo ya kuandika niliyomsaidia wiki iliyopita. Si kitu kikubwa. Nitakueleza siku nyingine.

Bintiyo


28 Machi

Shangazi,

Hukunijibu, nami najua kwa nini, kwa sababu watu wenu walikuja. Najua huwezi kuzungumza. Basi mimi nitazungumza nawe usome tu. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu, bila kujua anakusalimu kupitia wapi.

Walikuja Jumanne. Tangu Ijumaa iliyotangulia hospitali nzima ilijua. Jumatatu ikabandikwa ratiba mpya ya zamu, yenye majina ya mabingwa wanne ambao Kaka hajawahi kuwaona. Wawili kati yao walifika kweli siku yenyewe, wameazimwa, makoti yao bado yana mikunjo ya kiwandani. Mmoja alimwuliza mkunga mzee choo kiko wapi. Mkunga akamjibu kwa sauti mbele ya wageni, "Daktari, ni palepale pa siku zote," akamwonyesha stoo ya mashuka.

Hilo tu ndilo Kaka alilotusimulia kwa kucheka. Lililobaki nilimtoa kwa shida.

Waliingia wanagenzi wote kumi na mmoja katika chumba kilichofungwa. Mama mmoja wa Baraza, mpole, akawaambia waseme lolote. Kaka alisema, "Tunasimamiwa vizuri." Wote walisema hivyo. Asubuhi ile karani wa mafunzo wa hospitali alikuwa amewakusanya na kuwaambia kwamba hospitali ikinyang'anywa ithibati, miezi yao yote haitahesabiwa. Ni kuanza upya, kama kuna mahali patakapowapokea.

Kaka aliporudi aliingia bafuni akafungua maji. Yalimwagika saa nzima. Nilipogonga alisema, "Naoga." Alitoka na nguo zake zote kavu, na nywele kavu.

Mama amehamisha dawa zote za nyumbani. Sasa zimo chumbani kwake.

Shangazi, kamati yenu inakaa lini?

Bintiyo


21 Aprili

Mwanangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi nina afya. Mvua imevuja ofisini na tumesogeza makabati katikati ya chumba, kwa hiyo tunafanya kazi tukizungukana kama watu wanaotafuta kiti.

Nimezipata barua zako zote mbili. Nilizisoma zikiwa zimefuatana, baada ya safari.

Sasa nisikilize. Vitabu vya mafunzo hufika mezani kwangu bila majina, nambari tu, ili msomaji asimpendelee wala kumwonea mtu. Utaratibu huo niliubuni mimi, na nilijivunia. Siku sita zilizopita nilifungua kitabu nambari nne. Kilikuwa kisafi kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Kazi arobaini na moja, na mistari imenyooka. Kila herufi k imeegemea nyuma kama mtu aliyechoka kusimama. Mimi nilikufundisha kuandika k, mezani kwenu, ukiwa na miaka sita. Nilikwambia isimame wima, ukakataa.

Tarehe za kazi zile ni za miezi sita. Saini arobaini na moja za bingwa ni za kalamu moja, wino mmoja, mkono mmoja uliokuwa na haraka. Zimetiwa siku moja.

Mwanagenzi anayeleta kitabu cha uongo hufutwa kabla hata hajaandikwa katika orodha ya madaktari. Na msomaji anayeutambua mwandiko hutakiwa kukirudisha kitabu saa ileile na kutoka chumbani. Mimi nimekiweka kwenye droo. Siku sita.

Nijibu: ni wewe? Usinipambie. Kamati inakaa tarehe thelathini Mei.

Shangazi yako


4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo, ingawa naandika hivyo kwa mazoea.

Ndiyo, ni mimi.

Karani wa mafunzo aliwapa siku tatu vitabu viwe tayari. Kaka hakuwa ameandika hata ukurasa. Alikuwa na karatasi tu: visanduku vya glavu vilivyochanwa, migongo ya fomu, bahasha. Aliviweka mezani Jumamosi asubuhi akasema, "Mdogo wangu, una mwandiko. Nisaidie, nimekwisha." Nilikaa pale Jumamosi na Jumapili mchana. Nitasema ukweli: nilijivunia. Nilidhani namsaidia daktari.

Karatasi zote ziliandikwa kitu kilekile pembeni. "Peke yangu." Nilimwuliza, "Kwenye nafasi ya aliyesimamia niandike nini?" Akasema, "Andika Alhamisi. Jina lake kamili." Nikaandika mara arobaini na moja. Bingwa alizitia saini Alhamisi iliyofuata, akiongea na simu, hakusoma hata moja.

Kuna ya thelathini na nane. Hii ndiyo sababu nilikuandikia tangu mwanzo, na nimeshindwa kuisema barua tatu.

Jumapili ya kwanza ya Januari aliletwa msichana wa miaka kumi na minne, kama mimi. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Kaka alijua la kufanya ila hakujua kulifanya, hakuwahi hata kuliona. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mgonjwa mwingine. Kwenye karatasi yake kuna saa. Saa tano na nusu, nimepiga simu, haikupokelewa. Saa sita na robo, haikupokelewa. Mara sita hivyo. Ya mwisho ni saa kumi na moja jioni: "Amefariki. Peke yangu."

Karani alisema vifo visivyo na msimamizi visionekane vitabuni. Kaka akaniambia niandike, "Alipewa rufaa." Nilikuwa na karatasi mkononi. Nilijua. Nikaandika, na k zangu zikakaa vizuri.

Wazazi wake waliambiwa na ofisi ya hospitali kwamba walichelewa kumleta. Hawakuchelewa. Walifika saa nne asubuhi.

Karatasi ninazo zote, kwenye kasha la viatu. Kaka anadhani zilitupwa.

Anakwenda kazini bado. Kila siku anakwenda. Juzi Mama alimwuliza, "Utarudi saa ngapi?" akajibu, "Mama, usinihesabie." Mama alikaa kwenye ngazi mpaka aliporudi.

Kama lazima kuna mtu afutwe, nifute mimi. Najua haiwezekani. Nimeandika tu.

Bintiyo


13 Mei

Mwanangu,

Sijui salamu ya kuanzia, kwa hiyo naanza bila salamu.

Leo asubuhi nimekitoa kitabu kwenye droo nikakipeleka kwa mwenyekiti. Nimemwambia naujua mwandiko, ni wa ndugu yangu, na nimekaa nacho wiki nne. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Sitakuwemo chumbani kamati itakapokaa.

Uliniuliza Januari nani anarudi kutazama. Nilikujibu kwa maelezo marefu ili nisikujibu. Miaka miwili iliyopita niliyekwenda kuikagua hospitali hiyo ni mimi. Niliona makoti yenye mikunjo. Niliona bingwa akipapasa ukuta wa wodi yake mwenyewe akitafuta swichi ya taa. Tulipanda gari na wenzangu, tukamwigiza bingwa yule njia nzima, tukacheka. Kesho yake nikatia saini.

Sikutia saini kwa uzembe, na hilo linaniuma zaidi. Wilaya ile haina hospitali nyingine. Nilijiambia tukiwaondoa wanagenzi, wodi itabaki na mkunga na Mungu wake. Niliona afadhali daktari asiye na mwalimu kuliko kukosa daktari kabisa. Halafu kaka yako akapangiwa huko, wifi yangu akanipigia simu kwa furaha, nami nikampongeza.

Sasa kitabu peke yake kitamwonyesha kaka yako kuwa mwongo, na bingwa atasema alidanganywa. Karatasi zile ndizo zinazoonyesha kilichotokea. Lakini usizichukue kwa siri ukanitumia. Umeshaandika vya kutosha kwa niaba yake. Mwulize. Akikubali, azilete yeye mwenyewe kwa mkono wake kabla ya tarehe thelathini, aseme mwenyewe. Akija, atakuwa anakiri kitabu cha uongo. Siwezi kuahidi chochote. Ningeweza ningeahidi.

Asipotaka kuja, usimwache peke yake nyumbani.

Shangazi


25 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inaletwa na mtu unayemjua, kwa hiyo utakapoisoma atakuwa amesimama mbele yako. Mpe kwanza chakula. Hatakiomba.

Nilimsubiri aoge Jumapili, nikaweka kasha la viatu mezani. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Nini hiki?"

"Karatasi zako."

"Nilikwambia utupe."

"Hukuniambia. Ulilala."

Alizishika kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto. Nikamwambia yote, pamoja na barua zetu. Alisimama. "Tangu Januari? We mtoto, unajua ulichofanya? Wenzangu kumi, kila mmoja na miezi yake tisa, umewafuta kwa kalamu! Na mimi je? Mimi umeniacha na nini?"

Ilikuwa kweli.

Mama aliweka shuka chini akachukua karatasi ya juu. Ilikuwa ile ya thelathini na nane. Unajua Mama husoma kila kitu kwa sauti. "Saa tano na nusu, nimepiga simu, haikupokelewa. Saa sita na robo, haikupokelewa. Saa saba—"

"Basi, Mama."

"Saa saba na dakika kumi, ananiuliza kama—"

"Basi!"

"Basi nini? Wewe unaisoma kila siku kichwani, mimi mara moja tu unanikataza?"

Kaka alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Alisema taratibu, "Nikienda nitafukuzwa."

"Utafukuzwa ukiwa hai," Mama akasema. "Mimi dawa zangu ziko chini ya godoro tangu mwezi wa tatu. Nazilalia kama kuku na mayai. Kila ukienda chooni nahesabu dakika. Nimechoka, mwanangu. Nenda wakufukuze, urudi ulale hapa sebuleni kama gunia, nikupite nikienda jikoni nikuone unakoroma. Udaktari tutautafutia dawa baadaye."

Kaka alilia, Shangazi. Sikuwahi kumwona. Alilia kama mtu anayetapika, na Mama alimshika kichwa vilevile, kama mtu anayetapika.

Jioni alizipanga karatasi kwa tarehe. Kesho yake aliwaambia wenzake. Wanne wamekubali aseme na majina yao. Wengine hawamsalimu.

Atapanda gari la asubuhi. Mama amemfungia kasha kwa kamba, mafundo saba.

Bintiyo


9 Juni

Mwanangu mpendwa,

Kaka yako atakuwa amefika na kukueleza, lakini najua husimulia nusu, kwa hiyo chukua nusu yangu.

Alikula. Alikula sahani mbili, akaniomba radhi kwa ya pili. Tarehe thelathini nilimsindikiza hadi mlango wa kamati, mimi nikakaa kwenye benchi la wageni, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nawapita watu. Alikaa ndani saa moja na dakika ishirini. Kwa ukuta ule hutambui maneno, unasikia mwendo tu wa sauti. Yake haikusimama.

Hospitali imenyang'anywa ithibati mpaka iwe na mabingwa wanaokaa hapohapo. Wanagenzi wote kumi na mmoja watahamishiwa kwingine. Wale wanne waliokubali kusema, na wengine sita, watahesabiwa nusu ya miezi yao. Kaka yako hatahesabiwa hata mmoja, kwa ajili ya kitabu. Ana onyo la maandishi, na anaanza upya Julai, mwanzo kabisa. Lakini hakufutwa. Bingwa ameitwa kujieleza, na wakili wake amekwisha kuandika.

Kuhusu mimi, siendi tena kukagua. Hilo halihitaji maelezo.

Jana nilipiga simu kwenye wodi ile. Mkunga mzee alipokea. Nikamwuliza wako wangapi. Akasema, "Wodi nzima ni mimi na huyu mwenzangu anayeogopa damu. Mlikuja kutusaidia, ahsanteni." Akakata. Ana haki. Nakuandikia hili ili usidhani tumeshinda kitu.

Kaka yako aliniuliza swali moja. Alisema, "Kamati wamejua. Na wazazi wa yule msichana, nani anawaambia?" Hakuna fomu ya hilo, mwanangu. Nimetafuta.

Shangazi yako


6 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama anashuka ngazi akitazama mbele sasa, na dawa zimerudi kabatini, isipokuwa pakiti moja ambayo anasema ameisahau ilipo. Mtihani nimefanya. Wale sita wengine, mmoja amemsalimu Kaka dukani. Kaka ameanza hospitali mpya Jumatano. Siku ya kwanza msimamizi wake, mama mmoja mfupi anayesimama juu ya kibao ili afike kitandani, alimwambia, "Usinionyeshe unachojua. Nionyeshe usichojua, tuna siku nzima." Kaka alituambia hivyo mara tatu, kila mara kama hakuamini.

Hilo ulilosema halina fomu, Kaka amelifanya Jumapili. Alisema atakwenda peke yake. Mama akasema neno hilo, peke yangu, hataki kulisikia tena katika nyumba hii. Tukaenda watatu.

Wazazi wa yule msichana wanaishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Sweta ya shule bado inaning'inia kwenye msumari. Tulikaribishwa vizuri kwa sababu walidhani tumekuja kutoa pole. Mama wa msichana alianza kusema kabla hatujauliza. "Ni mimi niliyemchelewesha. Asubuhi alilalamika tumbo, nikasema nimalizie kufua. Beseni moja tu." Alisema kama mtu anayekariri. Ameshalisema kwa kila aliyeingia mlango ule tangu Januari.

Kaka alikuwa ameandaa maneno. Yalimtoka kichwani yote. Alisema tu, "Mama, hukuchelewa. Mlifika saa nne. Muda ulikuwepo. Aliyekosekana ni daktari wa kumpasua. Nilikuwepo mimi, na sikuweza. Halafu tukaandika uongo."

Baba wa msichana alisimama. Alimtazama Kaka, nikaona amekunja ngumi. Akasema, "Miezi sita mke wangu hali chakula kikashuka," akatoka nje. Tulisikia akipiga kitu cha chuma karakanani, mara moja, halafu kimya.

Mama wa msichana hakulia. Aliuliza, "Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Sisi walitukataza kuingia. Walisema tusubiri kwenye benchi." Alikunja kitambaa mapajani, akakikunjua. "Alisema kitu?"

Kaka akasema, "Aliniuliza kama mmeshakula. Alisema mko nje tangu asubuhi, na baba yake akikaa na njaa anagombana na watu."

Mama yule alitoa sauti, Shangazi, ambayo sijui kama ilikuwa kicheko. Akainuka, akaenda mlangoni, akamwita mumewe kwa jina. Hakujibu. Akamwita tena.

"Njoo ndani. Njoo umsikie mwanao alivyokusema."

Alikuja. Alisimama kizingitini, hakukaa, na hakumtazama Kaka. Mkewe alimshika mkono wa shati ili asiondoke tena, akamgeukia Kaka.

"Anza upya, daktari. Tulipofika. Usiruke kitu."

Kaka akaanza.

Bintiyo